Namna ya kuitunza rekodi yako ya SEVIS: mwongozo kwa mwanafunzi wa Unguja au Pemba aliyeko Marekani

Mtu akihama shehia hapa kwetu, awe Unguja au Pemba, hahesabiwi kuwa amehama mpaka sheha wa kule atokako amwandikie barua na sheha wa kule aendako amtie katika daftari lake. Anaweza kuwa ameshalipa kodi ya miezi sita, kitanda kimeshaingia ndani na majirani wameshamzoea, lakini siku atakapofuatilia kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kitakachotazamwa ni daftari, si kitanda. Mwanafunzi anayesoma Marekani kwa viza ya F (ya masomo ya kawaida), M (ya mafunzo ya ufundi) au J (ya mabadilishano) anaishi chini ya daftari la namna hiyo, isipokuwa lake liko ndani ya kompyuta na linaitwa SEVIS, yaani mfumo wa serikali ya huko wa taarifa za wanafunzi wa kigeni. Katika mambo niliyowahi kuombwa ushauri na vijana wetu na wazazi wao, mara chache sana nimekuta mtu aliyefanya uovu. Ninaowakuta ni watu waliofanya jambo la kawaida kabisa, kama kuhama nyumba au kuacha somo moja, kabla jambo hilo halijaandikwa. Mwongozo huu unahusu kuliandikisha jambo mapema.

SEVIS ilianza kutumika kikamilifu mwaka 2003. Chimbuko lake ni bomu lililolipuliwa katika jengo la World Trade Center, New York, Februari 1993, ilipobainika kuwa mmoja wa waliohusika aliingia nchini kwa viza ya mwanafunzi, akaacha masomo, na hakuna ofisi iliyojua. Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria mwaka 1996 ya kutaka taarifa za wanafunzi wa kigeni zikusanywe kwa njia ya kielektroniki, kazi ikasuasua, na baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001 ikaamriwa imalizwe haraka. Leo mfumo huo unasimamiwa na kitengo cha SEVP kilicho chini ya ICE, idara ya Wizara ya Usalama wa Ndani, na kwa upande wa wageni wa mabadilishano wenye viza ya J, Wizara ya Mambo ya Nje nayo inahusika. Ada yake, ambayo ni mbali na ada ya viza, ni dola 350 kwa F na M, na dola 220 kwa washiriki walio wengi wa J. Risiti ya ada hiyo usiitupe hata baada ya kupata viza.

Anayeandika katika daftari hilo siku kwa siku si askari wa uhamiaji. Ni mfanyakazi wa chuo chako, aliyepewa idhini na serikali, ambaye kwa mwanafunzi wa F au M huitwa DSO na kwa mwenye J huitwa RO, au ARO akiwa msaidizi wake. Hali yake ni kama ya sheha: ni mtu wa karibu, unaweza kumgongea mlango na kumweleza shida yako, lakini yale yanayotakiwa na sheria hana hiari ya kuyaficha. Ukimwambia kuwa umeshafanya kazi bila ruhusa, umemweka pagumu. Ukimwuliza kabla hujaianza, ana uwezo wa kukusaidia. Tofauti hii ndogo ya wakati ndiyo inayopita katika kila jambo litakalofuata.

Viza, hadhi na rekodi ni vitu vitatu

Viza ni karatasi iliyobandikwa katika pasipoti, na kazi yake ni kukufikisha mlangoni kuomba kuingia. Hadhi ni haki yako ya kuwepo ndani ya nchi ukiwa mwanafunzi, na inadumu kadiri unavyotimiza masharti. Rekodi ya SEVIS ndiyo inayoonesha kama hadhi hiyo iko hai. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa kihalali ilhali viza yake imekwisha muda, na mwingine akawa na viza yenye miaka miwili mbele ilhali rekodi yake imesitishwa jana. Ukishaingia, chapisha rekodi yako ya kuingia inayoitwa I-94 kutoka tovuti ya forodha na ulinzi wa mipaka, utazame kama imeandikwa F-1 au J-1, yaani F au J ya mhusika mwenyewe, na kama mahali pa tarehe ya mwisho pameandikwa D/S, maana yake muda wote wa kudumu kwa hadhi. Mwezi Agosti 2025 serikali ilitangaza pendekezo la kuiondoa D/S na kuweka tarehe maalumu isiyozidi miaka 4, hivyo kila unaporudi kutoka safari isome I-94 upya, usitegemee ile ya zamani.

Kwa Mtanzania kuna jambo jingine zito. Tangazo la Rais wa Marekani la 16 Disemba 2025 lilisimamisha, kuanzia 1 Januari 2026, utoaji wa viza za F, M na J kwa raia wa Tanzania, pamoja na baadhi ya viza nyingine. Viza zilizokuwa zimeshatolewa hazikufutwa na tangazo hilo. Ambaye bado yuko nyumbani na barua ya kukubaliwa chuoni mkononi aufuatilie ukurasa wa ubalozi ulioko Dar es Salaam kabla hajalipa ada yoyote, na akiandikie chuo kuomba kusogezewa tarehe ya kuanza. Ambaye yuko kule tayari aelewe kuwa kosa ambalo zamani lilirekebishwa kwa kurudi nyumbani na kuomba viza upya, sasa halirekebishiki kwa njia hiyo.

Anza na karatasi yako

Itandike mezani I-20, ile fomu uliyopewa na chuo kwa ajili ya viza, au DS-2019, ambayo ni fomu ya namna hiyo kwa mwenye J, na pasipoti pembeni yake. Juu ya ukurasa wa kwanza wa I-20 utaiona namba inayoanza na herufi N ikifuatiwa na tarakimu 10. Hiyo ndiyo namba yako katika daftari, na ndiyo itakayokufuata popote. Chini yake kuna jina la ukoo na majina mengine, tarehe ya kuzaliwa, nchi ya kuzaliwa na ya uraia, chuo, fani, tarehe za kuanza na kumaliza, kisha hesabu ya gharama na nani anayelipa.

Kwenye majina ndiko tunakoumia zaidi sisi. Desturi yetu ni jina la mtu, la baba na la babu, na hatuna jina la ukoo kwa namna wanavyolifahamu wao. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kusema Mohamed, cheti cha skuli Mohammed, na pasipoti Muhammad. Othman huwa Uthman, na Khadija huongezewa h mwishoni. Aliyejaza maombi ya chuo kwa jina la baba kama la ukoo, ilhali pasipoti imeliweka la babu, atakuwa watu wawili kwenye kompyuta. Kinachotawala ni pasipoti, herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, mpelekee DSO nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti na umwombe arekebishe na kukutolea I-20 mpya, kabla hujaomba leseni ya udereva au namba ya hifadhi ya jamii, kwa sababu ofisi hizo nazo huulizia taarifa zako katika mifumo ya serikali, na majina yakipishana jibu huchelewa. Nilipata kumwona kijana wa Wete aliyezungushwa muhula mzima kwa sababu ya herufi moja ambayo yeye mwenyewe aliiona siku ya kwanza na akaona aibu kuisema.

Ukurasa wa pili wa I-20 una mistari ya saini za safari, na tutaurudia.

Kufika na kuandikwa

Unaruhusiwa kuingia Marekani si zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye fomu. Ukifika, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni wewe mwenyewe. Chuo kina siku 30 tangu kuanza kwa programu kuisajili rekodi yako kuwa hai, na hakiwezi kufanya hivyo ikiwa hujajiandikisha masomo na hujatoa anwani ya unapolala. Sanduku la posta halikubaliwi kuwa anwani ya makazi.

Ukihama, hata ikiwa ni chumba cha ghorofa ya juu katika jengo lile lile, mwarifu DSO ndani ya siku 10, naye ana siku 21 za kuiingiza taarifa. Wenye viza ya J nao wana siku 10. Vijana wetu huhama sana, kwa kuwa mwenzao kutoka nyumbani akipata nyumba yenye nafasi, wote huhamia huko, wakapika pamoja na kugawana kodi. Jambo zuri, lakini tuma taarifa siku ile ile uliyopewa ufunguo. Angalia pia kwamba ikiwa una maombi yanayosubiri USCIS, ofisi ya uraia na uhamiaji, kama ya kadi ya kazi, ofisi hiyo nayo ijulishwe peke yake, kwani kadi hutumwa kwa posta, na ikirudishwa kuitafuta ni kazi.

Uzito wa masomo

Hapa ndipo rekodi nyingi zinapoharibika, na huharibika kimya kimya. Mwanafunzi wa F-1 wa shahada ya kwanza anatakiwa awe na krediti 12 kwa uchache kila muhula wa kawaida. Kwa shahada za juu, chuo ndicho kinachoamua kiwango cha masomo kamili. Katika krediti hizo, somo la mtandaoni linalohesabika ni moja tu, au krediti 3, kwa muhula. Kwa hiyo mtu mwenye masomo manne ya krediti tatu tatu, mawili kati yake yakiwa ya mtandaoni, anajiona ana 12 ilhali kwa hesabu ya SEVIS ana 9.

Tuseme wiki ya saba hesabu zimekushinda na mwalimu mwenyewe amekushauri uliache somo ili wastani wako usiharibike. Ushauri wa mwalimu ni mzuri kwa alama zako, lakini yeye si DSO na huenda hajui kuwa una viza. Usibonyeze kitufe cha kuliacha somo. Mwandikie DSO kwanza, useme unaomba ruhusa ya kupunguziwa masomo, na utaje sababu. Ugonjwa unakubaliwa kwa barua ya daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni, na unaweza kupunguziwa, hata kuachishwa masomo yote, kwa jumla isiyozidi miezi 12 katika ngazi moja ya masomo. Ugumu wa kitaaluma, kama vile lugha au namna ya ufundishaji usiyoizoea, unakubaliwa kwa muhula mmoja tu, nao ni lazima ubaki na nusu ya masomo. Muhula wa mwisho, ukibakiwa na masomo machache ya kumalizia, nao una ruhusa yake. Ruhusa zote hizi huandikwa kabla. Ruhusa iliyoombwa baada ya somo kuachwa inakuwa maelezo ya kosa, hata kama daktari anathibitisha kuwa ulikuwa umelazwa.

Kuhusu ugonjwa, nitasema na lile ambalo wengi hawalisemi. Baridi, giza la saa kumi jioni na upweke wa mwaka wa kwanza huwaangusha watu, na sisi tumezoea kuyaita hayo uvivu au jicho la hasidi. Kisomo na dua ziendelee, lakini mwanasaikolojia wa chuo ndiye anayeweza kuandika barua ambayo SEVIS inaitambua.

Kazi

Mwenye F-1 anaweza kufanya kazi ndani ya chuo, kwenye maktaba au jikoni, si zaidi ya saa 20 kwa wiki muhula unapoendelea, na saa kamili wakati wa likizo. Mwenye J-1 anahitaji ruhusa ya maandishi ya RO hata kwa kazi hiyo ya ndani. Nje ya chuo hakuna kazi bila idhini maalumu, iwe ya mafunzo yaliyo sehemu ya masomo, iwe ya mazoezi baada ya kumaliza.

Kazi isiyo na mwajiri nayo ni kazi. Mwezi wa Ramadhani ukifika, dada anayejua kupika sambusa na kachori huanza kupokea oda kutoka kwa familia za Waswahili wa mji ule, kila trei kwa bei yake, na matangazo yanapita kwenye makundi ya WhatsApp. Kuwaalika watu futari hakuna neno, na kuchangiana mchele na nyama hakuna neno. Kuuza trei ni biashara. Ndivyo ilivyo pia kupeleka vyakula kwa gari au baiskeli kwa kutumia akaunti ya rafiki. Kosa hili ni zito kuliko mengine yote humu, kwa sababu aliyefanya kazi bila ruhusa hana sifa ya kurejeshewa hadhi.

Safari ya kuja nyumbani

Saini ya DSO katika ukurasa wa pili wa I-20 hudumu mwaka mmoja ukiwa masomoni, na miezi 6 ukiwa katika mazoezi ya kazi baada ya kumaliza. Kwenye DS-2019 nafasi ya saini iko ukurasa wa kwanza, pembe ya chini kulia. Iombe mwanzoni mwa kila mwaka wa masomo hata kama huna nia ya kusafiri. Sisi maiti hatumlazi. Habari ikikufikia usiku, maziko yameshapita kabla hujapata ndege, na unachoweza kuwahi ni khitma. Hiyo nayo utaikosa ikiwa saini imekwisha na ofisi imefungwa hadi Jumatatu.

Kabla ya kukata tiketi tazama mambo manne: saini, pasipoti yenye angalau miezi 6 mbele, tarehe ya mwisho ya viza, na idadi ya kuingia iliyoandikwa kwenye viza, kwani M ni mara nyingi na 1 ni mara moja uliyokwishaitumia. Ikiwa viza yako imekwisha au ilikuwa ya mara moja, usitoke kabla ya kuzungumza na DSO na mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu ya tangazo nililolitaja juu. Najua ni neno gumu kumwambia mtu ambaye harusi ya dada yake iko Chake Chake mwezi ujao. Afadhali wazee walisikie sasa kuliko kijana akwame Dar es Salaam na mihula miwili imebaki.

Kuhama chuo, kuongeza muda na kumaliza

Rekodi haiwezi kukaa katika vyuo viwili. Ukihama chuo, mnapanga na DSO wa zamani tarehe ya kuiachia, na baada ya tarehe hiyo yeye hawezi tena kuigusa. Masomo mapya yaanze ndani ya miezi 5. Kuongeza muda wa programu huombwa kabla ya tarehe ya mwisho iliyo kwenye I-20. Ikipita hata siku moja, mlango huo umefungwa. Ukimaliza, mwenye F-1 ana siku 60 za kufunga mizigo, kuhamia programu nyingine au kuomba mazoezi ya kazi, na mwenye J-1 ana siku 30. Anayeacha katikati kwa ruhusa ya DSO ana siku 15. Anayeacha bila ruhusa hana hata moja.

Mazoezi ya kazi ya miezi 12 huombwa kuanzia siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza. Wakati huo wewe mwenyewe ndiye unayeandika anwani na mwajiri katika mtandao wa SEVP, ndani ya siku 10 za kila badiliko, na siku za kukaa bila kazi zikizidi 90 umevunja masharti. Aliyesoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaweza kuongezewa miezi 24.

Rekodi ikisitishwa

Usihame, usiache kuhudhuria darasa isipokuwa umeambiwa, na usijifiche. Muulize DSO sababu iliyoandikwa na tarehe yake, kwa barua pepe ili jibu libaki. Ikiwa ni makosa ya uandishi, chuo kinaweza kuomba kurekebishiwa. Ikiwa ni kosa lako lisilokuwa la makusudi, kama masomo kupungua kwa sababu iliyokuwa nje ya uwezo wako, unaweza kuomba kurejeshewa hadhi kwa fomu ya I-539 pamoja na I-20 mpya, kwa kawaida kabla ya miezi 5 kupita. Mwezi Aprili 2025 serikali yenyewe ilisitisha rekodi zaidi ya 4,000 kwa mkupuo, na baadhi ya vyuo viligundua baada ya kufungua kompyuta tu. Kesi zikafunguliwa katika mahakama nyingi, na tarehe 25 mwezi huo mawakili wa serikali wakaieleza mahakama kuwa rekodi zinarejeshwa. Mwanafunzi aliyesitishiwa rekodi namna hiyo alihitaji kuonesha, kwa karatasi zake mwenyewe, kuwa alikuwa akisoma. Kwa hiyo kila mwisho wa muhula hifadhi orodha ya masomo, matokeo, risiti za ada, na kila I-20 uliyowahi kupewa, hata iliyokwisha kazi.

Nakala za karatasi hizo zitume nyumbani pia, pamoja na jina la ofisi ya DSO na namba yake ya simu. Unguja na Pemba ziko mbele ya pwani ya mashariki ya Marekani kwa saa 7 au 8 kulingana na majira, kwa hiyo mzazi anayepiga asubuhi ya huku anaipigia ofisi iliyolala. Apige baada ya alasiri. Na hata akipatikana, DSO kwa kawaida hatamwambia mzazi habari za mwanafunzi aliyeko chuo kikuu, kwani sheria ya siri za kitaaluma inamzuia, mpaka mwanafunzi mwenyewe awe amesaini fomu ya ridhaa. Fomu hiyo huulizwa ofisi ya msajili, na ni vyema isainiwe wiki ya kwanza.